Mtoto wetu alianzia kwenye bomba la sindano

MWEZI uliopita nilikuwa kwenye foleni ya uhamiaji pale mpakani Mugina, nikielekea Manyovu na kisha Kigoma kununua vitabu. Mwanamke mmoja mwenye furushi la vitenge akanisogelea. Tunafahamiana kwa sura tu, kama wanavyofahamiana watu wote wanaovuka mpaka ule. Akainama kama anayefunga kiatu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mwalimu, eti ni kweli yule binti yako ulimpata kwa bomba la sindano?"

Nikamjibu kuwa ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba na kunionyesha pakiti mbili za vidonge. Vilikuwa klomifeni. Alivinunua bila cheti cha daktari, na muuzaji alimwambia hiyo ni "dawa ya mapacha", ameze kimoja kila siku mpaka viishe. Nikamuuliza tatizo lake hasa ni nini. Hajui. Nikamuuliza kama mumewe amepimwa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Tulibadilishana namba za simu haraka haraka, kwa sababu foleni ilisogea na afisa alikuwa akiita. Ndiyo maana naandika. Najua wako wengi kama yeye kwenye njia hii ya Mabanda, Manyovu na Kigoma. Na wanaume nao wasome, maana sehemu kubwa ya habari hii inawahusu wao.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa mwaka 1981 Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa 1972. Nilisoma huko, nikasomea ualimu huko huko Tanzania, na hata leo nikikosea neno la Kirundi majirani hunicheka na kuniita Mtanzania. Serikali ya Tanzania ilipotuuliza nani anataka uraia na nani anataka kurudi kwao, wazazi wangu walichagua kurudi. Tulivuka mwaka 2009. Mume wangu naye alitokea makazi ya Mishamo, na tulifunga ndoa mwaka 2010.

Anayejua maisha ya sisi tuliorudi anajua kwamba kwetu shamba ndilo kila kitu. Ukoo wa mume wangu ulikuta shamba lao limekaliwa na watu wengine. Baada ya mashauri marefu walipewa nusu, na nusu hiyo ikagawanywa kwa ndugu wanne. Ulipofika mwaka wa tatu wa ndoa yetu bila mtoto, shemeji zangu walianza kulipima fungu letu kwa macho. Mmoja alisema wakati wa chakula, nami nikiwa pale pale nikipakua, kwamba shamba la mtu asiye na mrithi linasubiri tu wenyewe. Wanawake wa mtaani walikuwa na neno lao la Kirundi: ingumba. Hawakunitamkia usoni. Walilisema nikishapita, lakini kwa sauti ambayo nilipaswa kuisikia.

Nilinyweshwa mizizi. Nilikandwa tumbo na bibi mmoja mpaka nikakojoa damu. Niliombewa. Sina ugomvi na maombi, ila nasema tu kwamba katika miaka ile yote hakuna aliyewahi kuuliza habari za mume wangu.

Yeye ni mfanyabiashara. Hununua vitenge na vyombo vya plastiki Kigoma akaviuza upande wetu. Kuanzia mwaka 2013 safari zake zilirefuka. Aliyekuwa akilala Kigoma siku mbili akawa analala tano, wakati mwingine nane. Akirudi ni mchovu, analala amenipa mgongo. Nikafanya hesabu ambayo mwanamke yeyote angeifanya, nikapata jibu kuwa ana mwingine.

Hakuwa na mwingine. Alikuwa na kisukari.

Dalili zilikuwa mbele yangu, nami mwalimu mzima sikuzisoma. Alikunywa maji kila saa, akaamka usiku mara nne au tano kwenda kukojoa, na suruali zikaanza kumlegea. Mama mkwe alisema amerogwa na wenzake wa mpakani. Alipopimwa hatimaye kwenye zahanati moja upande wa Tanzania, mwaka 2014, sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa 19, wakati kwa mtu asiye na ugonjwa huo huwa chini ya 6 hivi. Akaanza dawa. Habari ya sukari aliniambia. Jambo la pili hakuniambia.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Viungo vya uzazi vya mwanaume hufanya kazi kwa kutegemea mishipa hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa amepoteza nguvu za kiume, na badala ya kusema alihamia nyumba za kulala wageni. Alinunua vile vidonge vya bluu vinavyouzwa kimyakimya sokoni, akaambulia kichwa kuuma. (Bahati yake hakuwa akitumia dawa za moyo zenye nitrati. Mchanganyiko huo huweza kushusha presha mpaka mtu akafa, na wauzaji wa sokoni hawaulizi.)

Siku ya matanga ya mzee mmoja wa ukoo, shangazi wa mume wangu alinivuta nyuma ya jiko. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba wadogo wa mume wapo, na damu ni ile ile, na hakuna atakayejua. Nilimjibu "Nimesikia, shangazi", kwa kuwa hivyo ndivyo mke anavyomjibu shangazi wa mumewe. Usiku ule sikulala. Kilichonikosesha usingizi, nikiri leo, ni kwamba kwa dakika chache nililifikiria.

Mwaka 2016 nilikwenda peke yangu kwa daktari wa magonjwa ya wanawake Kigoma, mama wa makamo. Aliandika jina langu na umri, kisha akaweka kalamu chini. "Mume yuko wapi, mwanangu?" Nikasema yuko sokoni. "Kamwite. Mimi sipimi nusu ya ndoa."

Ilinichukua wiki tatu kumfikisha pale. Alikaa kwenye kiti akitazama kalenda ya ukutani, na kwa kalenda ile ndiyo alisema: "Daktari, mimi mambo ya ndani yamenishinda, huu ni mwaka wa tatu sasa." Kwamba hakuwa akinigusa nilijua, nilikuwa kitanda kimoja naye. Sababu ndiyo niliisikia siku ile pamoja na daktari, mtu wa nje. Miaka yote ile niliitwa ingumba naye amekaa kimya. Sitaficha, nilimchukia. Kwenye gari la kurudi Manyovu tulikaa viti tofauti.

Majibu yangu yalipotoka, hasira ikanipungua kwa lazima. Hedhi yangu tangu usichana ilikuwa ikija baada ya siku 50, pengine 70, nami nilidhani ni maumbile tu. Altrasaundi ilionyesha ovari zangu zimejaa mayai madogo madogo kama punje za mtama, yanayoanza kukua na kuishia njiani. Yai lisilopevuka halitoki, na lisipotoka hakuna cha kurutubishwa. Kwa hiyo ile miaka mitatu ya mwanzo, mume akiwa mzima, tatizo lilikuwa kwangu. Miaka iliyofuata likawa kwetu sote wawili. Nilipigwa pia picha ya mirija ya uzazi, ile ya kuingiziwa dawa ndipo eksirei ipigwe, na mirija ilikuwa wazi. Tulipimwa virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B. Mbegu za mume zilikuwa milioni 31 katika mililita moja. Kiwango cha chini kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni milioni 16.

Daktari alimgeukia mume wangu akamwambia kwa lugha ya watu wa mpakani: "Mzigo upo, barabara iko wazi. Gari ndilo bovu." Mume wangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Ipo njia ya hospitali, ambapo mbegu husafishwa maabara na kupitishwa kwa mrija mwembamba mpaka ndani ya mji wa mimba. Ipo pia mimba ya kutungwa nje ya mwili. Zote mbili zinahitaji mji mkubwa na fedha kubwa. Lakini kwa wanandoa ambao mbegu ni nzuri na kinachoshindikana ni tendo lenyewe, mbegu zinaweza kuwekwa ukeni na wenyewe nyumbani, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wengine hutumia njia hii kwa sababu mume aliumia uti wa mgongo, wengine kwa sababu misuli ya mke hujibana na tendo likawa mateso. Kwa wenye kisukari, alituonya, huwa kuna jambo la kuangalia kwanza: kwa baadhi yao mbegu hazitoki nje bali hurudi nyuma kwenye kibofu cha mkojo. Kwa mume wangu zilikuwa zinatoka.

Nilidhani ni jambo jipya. Baadaye nikasoma kwamba habari ya kwanza ya namna hii kuandikwa na madaktari ni ya London, karne ya 18. Mganga mpasuaji John Hunter alimshauri mfanyabiashara mmoja wa nguo, ambaye tundu lake la mkojo lilikuwa chini badala ya nchani, atumie bomba lililopashwa joto kumwekea mkewe mbegu nyumbani. Mke akapata mimba. Shemeji yake Hunter, Everard Home, aliichapisha habari hiyo mwaka 1799. Mume wangu alifurahi sana kusikia kwamba mwenzake alikuwa muuza nguo.

Kikwazo chake kingine kilikuwa imani. Sisi ni Wakatoliki, na hati ya Vatikani ya mwaka 1987 inakataa mbegu kuchukua nafasi ya tendo la ndoa, hata baina ya mume na mke. Aliijua, na ilimsumbua kuliko mimi. Tulizungumza usiku mwingi. Hatukukubaliana kikamilifu mpaka leo, ila tulikubaliana kuendelea.

Sasa habari ya homoni. Klomifeni huidanganya akili, yaani ubongo, uone kwamba homoni ya estrojeni imepungua mwilini. Ubongo ukiona hivyo huagiza homoni zaidi ya kukuza yai. Humezwa kwa siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko. Haimezwi mwezi mzima, na daktari huanza na miligramu 50. Karibu wanawake 8 kati ya 10 wasiopevusha yai hupevusha wakiitumia, lakini wanaoshika mimba ni wachache kuliko hao. Katika kila mimba 100 zinazopatikana kwa dawa hiyo, 7 au 8 hivi huwa za mapacha, na hapo ndipo wauzaji walipopata jina lao. Hawasemi kwamba mapacha ni mimba yenye hatari zaidi. Hawasemi kwamba ovari huweza kuvimba, wala kwamba ukianza kuona ukungu machoni unaacha mara moja na kumrudia daktari. Na kwa mwanamke mwenye tatizo kama langu, siku hizi madaktari wengi huanza na dawa nyingine iitwayo letrozoli.

Mzunguko wa kwanza nilimeza, nikapata joto la ghafla usoni mbele ya darasa la nane mpaka mwanafunzi akanifungulia dirisha. Altrasaundi ilionyesha hakuna yai. Mzunguko wa pili dozi ikaongezwa kuwa miligramu 100. Yai moja likakua. Siku niliyoambiwa niwe tayari, mume wangu alikuwa amekwama na mzigo wake kwa ajili ya karatasi moja ya ushuru, akafika siku tatu baadaye. Yai likishatoka huishi saa 24 hivi, hata halifiki. Mbegu zina subira zaidi, huweza kukaa mpaka siku 5 ndani ya mwanamke, kwa hiyo ni heri zitangulie kuliko zichelewe. Tuligombana mzunguko ule kuliko miaka yote ya nyuma. Wa tatu tulifanya kila kitu sawasawa, hedhi ikaja.

Watu huniuliza ilikuwaje hasa, nami sioni sababu ya kuficha kwa kuwa hakuna la aibu. Tulikuwa na kikopo safi cha maabara na bomba jipya la mililita 10. Mume aliingia chumbani peke yake. Mwanaume asiyeweza tendo bado huweza kutoa mbegu kwa mkono wake, jambo ambalo wengi hawalijui. Zikitoka huwa nzito, tulisubiri kama dakika 20 zikawa majimaji. Nilikifunga kikopo ndani ya kanga nikakiweka tumboni kisipoe, na hatukuzidisha saa moja. Hatukutumia mafuta, mate wala sabuni, maana hivyo huua mbegu au kuzipunguza kasi. Nilijilaza, bomba likaingia taratibu, likasukumwa polepole, nikabaki nimelala dakika kama 20. Daktari alitukataza jambo moja kwa ukali: tusijaribu kamwe kupitisha chochote kwenye shingo ya kizazi. Shahawa zisizosafishwa zikisukumwa ndani ya mji wa mimba huleta maumivu makali na huweza kuleta maambukizi.

Mara ya kwanza nilifanya mwenyewe, mume akiwa sebuleni amewasha redio kwa sauti kubwa. Mzunguko wa nne nikamwita ndani. Nikampa bomba alishike yeye. Mikono ilimtetemeka. Kwa nini nilimwita siwezi kueleza vizuri. Nadhani sikutaka mtoto wetu, akija, awe ametungwa na mtu mmoja.

Tulifanya siku ya 13 na siku ya 15. Baada ya hapo nilipewa projesteroni, homoni inayotayarisha ukuta wa mji wa mimba, nikaitumia mpaka wiki ya 10. Daktari mwenyewe alisema baadhi ya wenzake hawaoni haja ya kuitoa pamoja na klomifeni. Mimi niliitumia. Mwishoni mwa 2017 nilipima mkojo chooni shuleni, wakati wa mapumziko, kelele za watoto uwanjani. Mistari ilikuwa miwili.

Mimba iliposhika, ukoo ulishukuru mizizi, kila mmoja mizizi ya mganga wake. Mume wangu ndiye aliyevunja. Mama yake alipokuja kunikanda miguu, alimwambia mbele yangu: "Mama, mwenye ugonjwa nilikuwa mimi." Hakuueleza wangu, na mimi nikamwacha. Mpaka leo ukoo unadhani nilikuwa mzima, na deni hilo kwake sijalilipa.

Alizaliwa mwaka 2018. Ni msichana. Shemeji zangu walipumua, maana kwa mila zetu binti harithi shamba la baba yake. Mume wangu mwaka uliofuata alipanda miti ya mipaka kuzunguka fungu letu lote, na mtoto anajua jina la kila mti kwa sababu baba yake humtembeza pale kila Jumapili. Suala hilo halijaisha, wala sitegemei liishe karibuni.

Wanaotaka kujaribu njia hii wasianze na bomba. Waanze na vipimo vya wote wawili: mbegu, mirija, yai, na magonjwa ya kuambukiza. Wenye shangazi kama wangu nawaambia wazi kwamba mbegu za mtu asiyepimwa, hata awe ndugu wa damu, huweza kuleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini ndani ya nyumba. Huko Kisumu, Kenya, njia hii hii ilifundishwa kwa wanandoa ambao mke ana virusi vya Ukimwi na mume hana, wapate mtoto bila mume kuambukizwa. Siku hizi anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, lakini hilo nalo linathibitishwa na kipimo.

Yule dada wa vitenge alinipigia wiki iliyopita. Vidonge bado viko mkobani, hajavimeza. Mumewe amekubali kupimwa sukari. Mbegu bado, anasema atafikiria akirudi kutoka Kigoma.